Tapeli Aliyejua Kuamkia

Ndugu yangu, hii usiitume kwenye makundi yote kama salamu za Ijumaa. Mtumie yule tu unayejua ana mzazi mbali. Ukishaisoma utajua ni nani.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Usambara aliishi mama mmoja, Bi Mwantatu. Mumewe alishafariki. Mwanawe wa pekee, Hizza, alifanya kazi ofisini Dar es Salaam. Jicho moja la Bi Mwantatu lilikuwa limekwisha kuzimwa na mtoto wa jicho, na la pili lilikuwa linafuata njia hiyohiyo. Hizza, ambaye kwa kutuma hela hakuwa na choyo hata kidogo, alikuwa amemtumia mama yake fedha za kufanyiwa upasuaji.

Tatizo la Hizza lilikuwa mdomo. Kila mama alipopiga alimkuta ana haraka, na mara nyingi simu iliita mpaka ikakatika yenyewe. Hizza aliiona, akasema, "Nitampigia baadaye." Baadaye ya Hizza mnaifahamu, maana wengi wetu tunayo.

Basi simu ya Bi Mwantatu ikawa inapigwa na watu wengine. Kulikuwa na sauti ya mwanamke mmoja, ya kurekodiwa kwenye mashine, iliyompongeza kwa kushinda zawadi, ikamwambia abonyeze moja. Bi Mwantatu alimjibu, "Ahsante mwanangu, na wewe hujambo?" Mwanamke yule akaendelea kuongea tu, hakungoja jibu. Bi Mwantatu akasema watoto wa siku hizi hawana adabu, akakata.

Lakini asubuhi moja akapiga kijana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nani mwenzangu?"

"Mwanao tu, mama. Nilikosea namba, lakini nimeona nisikate bila kukuamkia. Umeamkaje? Baridi ya huko vipi?"

Bi Mwantatu akamwambia baridi imeingia kwenye goti. Kijana akampa pole mpaka akaridhika. Kesho yake akapiga tena kuuliza goti. Siku iliyofuata akauliza watoto, na mama akamwambia anaye mmoja, anaitwa Hizza, yuko Dar. Kumbe hapo ndipo ndoana ilipoingia.

Baada ya siku chache kijana akapiga analia. "Mama, mimi niko huku Dar, mwanao Hizza ameanguka kazini. Yuko hospitali, hawezi hata kuongea. Daktari hagusi mtu bila hela."

Bi Mwantatu alifanya ambalo mama yeyote mwenye akili angefanya: alimpigia Hizza. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Moyo ukamwambia kweli mwanangu hawezi kuongea. Akajifunga kanga, akaenda kwa wakala huku anapapasa njia kwa fimbo, akatoa fedha zote za macho yake.

Wakala akamuuliza, "Bibi, huyu unayemtumia unamjua?"

"Namjua," akasema Bi Mwantatu. "Ananiamkia kila asubuhi."

Jioni Hizza akapiga, mzima wa afya, anauliza kwa ukali mama alikuwa anatafuta nini saa za kikao. Bi Mwantatu aliposikia sauti ile alipiga magoti palepale jikoni, akamshukuru Mungu. Habari ya hela aliikumbuka baadaye.

Mwisho wa wiki Hizza alipanda kwenda nyumbani, amefura kwa hasira. Tusimlaumu sana, alikuwa na uchungu wa jicho la mama yake.

"Mama, mtu humjui hata sura! Ulimwaminije?"

"Aliniamkia, baba."

"Matapeli wote wanaamkia! Ndiyo kazi yao. Watakuuliza umelalaje, watakuuliza goti, kumbe wanakuchota. Mtu akianza kukuuliza goti, huyo ni mwizi. Kata simu! Umenielewa?"

"Nimekuelewa," akasema mama, kwa sauti ya mtoto aliyekosa.

Na kweli alielewa. Tangu siku ile kila namba ngeni iliyopiga na kuanza na shikamoo tamu ilikatwa kabla haijafika mbali. Matapeli wakamchoka.

Miezi ikapita. Hizza akajinyima, akapata hela nyingine. Siku moja asubuhi akasikia kwamba madaktari bingwa wa macho wamefika hospitali ya wilaya ya kwao, na kesho ndiyo siku yao ya mwisho. Wakishaondoka, mpaka mwakani. Hilo jicho lililobaki lisingeweza kungoja mwakani.

Simu yake ilikuwa kwa fundi, imeingia maji, na namba za majirani wote zilikuwa humo. Namba moja tu aliijua kwa kichwa, ya mama yake. Akaazima simu ya Bi Foibe, mhasibu wao, mama mtu mzima anayeheshimika ofisini. Simu yenyewe ilikuwa imeharibika, ukiongea inatoa sauti mpaka kwa jirani. Hizza akaona haya kuongea na mama yake kwa ukavu mbele ya Bi Foibe. Akatengeneza sauti.

"Shikamoo mama."

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi Hizza, mama. Simu yangu ni mbovu. Umeamkaje? Goti linaendeleaje?"

Ikatoka sauti ambayo ofisi nzima iliisikia.

"Koma! Koma kama ulivyokoma ziwa la mama yako! Hizza namjua mimi niliyemzaa. Tangu aanze kazi hajaniuliza goti hata siku moja. Mwizi mkubwa wewe!"

Simu ikakatwa. Vijana wa meza ya pembeni walicheka mpaka wakashika mbavu. Hizza hakucheka, na Bi Foibe naye hakucheka.

Akapiga tena, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa. Na siku iliyobaki ilikuwa kesho tu.

"Kwani wewe," Bi Foibe akamuuliza taratibu, "huwa unaongeaje na mama yako?"

Hizza akatazama sakafu. "Huwa naingia moja kwa moja kwenye jambo, mama."

"Basi ongea hivyohivyo, akujue."

Hizza akapiga. Safari hii simu ilipopokelewa hakungoja. Akafoka.

"Mama, sikiliza, sina muda! Kesho asubuhi uwe hospitali ya wilaya, madaktari wa macho wamekuja. Hela nitalipa mwenyewe hukohuko, usitoe hata senti kwa mtu. Umesikia? Nakata!"

"Hee! Hizza!" Sauti ya Bi Mwantatu ikachangamka kwa furaha. "Ndiyo wewe baba yangu! Ungesema hivyo tangu mwanzo! Nimekutukana bure mwanangu, nisamehe. Kuna tapeli mmoja hapa anajifanya wewe, ana maneno ya upole huyo! Ndiyo maana nikajua si wewe."

Hizza alisikia maneno yale yakimwingia mwilini. Vijana wa meza ya pembeni walikuwa wameacha kucheka.

"Nitakwenda kesho," mama akaendelea. "Haya kata, baba, usicheleweshe kazi za watu."

Hizza hakukata. Machozi yalikuwa yanamtoka mbele ya ofisi nzima, na hakujali.

"Mama," akasema, "shikamoo."

"Hizza," mama akauliza kwa woga, "nani amekufa?"

"Hajafa mtu, mama. Nakuamkia tu."

Bi Mwantatu akaitikia, sauti inatetemeka.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Akavuta pumzi. "Goti bado linanisumbua."

Funzo: Mfundishe mzazi wako kuwakwepa matapeli, lakini kwanza muamkie wewe. Mzazi asiyejuliwa hali na mwanawe atamwitikia mwizi, na siku mwanawe akija na upole, atamdhani ndiye mwizi.