Pimbi na Foleni ya Ndovu

Hapo zamani za kale, wanangu, na msidhani ni kale ya mbali, ni ile kale ambayo wanyama walikwisha kupata simu ila chaji ndiyo ilikuwa ya kuazima, paliishi Pimbi mmoja jina lake Kidawa. Pimbi mnamjua? Mdogo kama paka aliyeshiba, hana mkia, makao yake majabalini. Wahenga husema pimbi na ndovu ni ukoo mmoja. Ukiwatazama huamini, lakini ukoo ndivyo ulivyo: mmoja anarithi mwili, mwingine anarithi akili, na yule aliyerithi mwili ndiye anayerithi na shamba.

Kidawa alikuwa na mapacha, Hija na Mosi, na alikuwa na mdomo. Akichemsha chai, jabali zima litaambiwa.

Mwaka huo jua lilikausha kila dimbwi, kikabaki kisima kimoja tu, Kisima cha Mkole. Kila alfajiri ilikuwa vita. Ndovu anafika, pu, pu, pu, anatumbukiza mkonga, fyuuu, anavuta. Nyuma yake Nyati. Nyuma yake kila mwenye pembe. Wakishaondoka wakubwa, wadogo wanainama kuramba matope. Kidawa aliwapelekea wanawe matope hayo, leo matope, kesho matope, mpaka Mosi akamwuliza, "Mama, eti maji yana rangi gani?"

Kidawa akakaa chini, akaandika programu ya simu.

Akaiita Zamu. Kazi yake ilikuwa nyepesi. Ukiamka unabonyeza, unapata nafasi yako kwenye foleni. Zamu yako ikifika simu inalia kwi-kwi-kwi, unakwenda kunywa. Haikuuliza kama una pembe. Aliyewahi kawahi. Ikaenea jabali hadi bonde, na hata wakubwa wakaipenda, maana nao walikwisha kuchoka kupigana vikumbo kabla ya kunawa uso. Kobe, jirani yake Kidawa, mzee wa mwendo wake ule, alianza kunywa maji yanayofanana na maji. Alikuwa akianza safari jana yake.

Lakini simu zote za nchi ile zilikuwa na mlango mmoja, na mlango ulikuwa wa Ndovu. Kampuni yake, Ndovu na Wanawe, ndiyo iliyowagawia wanyama simu, tena bure. Kila programu iliyotaka kuingia kwenye simu ya mtu ilipita kwanza kwa Ndovu, naye akiitaka inapita, asipoitaka inakaa nje. Wanyama walishukuru sana. Ukipewa nyumba bure, nani anakumbuka kuuliza funguo zimebaki kwa nani?

Basi Ndovu akaja jabalini mwenyewe. Hakupanda. Alisimama chini, na macho yake yakawa sawa na ya Kidawa aliyekuwa juu kabisa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Nimesikia umeandika kitu. Damu haipotei." Akashusha pumzi, vumbi likaruka. "Niuzie. Utahamia kivulini kwangu, na wanao watakunywa kabla ya wote."

"Na wana wa jirani?"

"Jirani si ndugu yetu."

"Basi haiuzwi, mjomba."

Ndovu hakukasirika. Ndovu akikasirika ni afadhali, unajua pa kukimbilia. Huyu alitabasamu, akasema yeye halazimishi mtu, akanyoosha mkonga akang'oa mti pekee uliokuwa ukimtilia Kidawa kivuli, akaondoka akitafuna.

Hazikupita siku nyingi. Asubuhi moja simu za nchi nzima ziliamka na programu mpya ambayo hakuna aliyeiomba: Zamu ya Ndovu. Rangi ile ile. Mlio ule ule, kwi-kwi-kwi. Na ukijaribu kufungua ile ya Kidawa, simu inakuonya kwamba programu hii inaweza kudhuru afya ya simu yako, una hakika? Nyumbu, ambao hawajapata kuwa na hakika na kitu chochote tangu waumbwe, walikuwa wa kwanza kuhama. Wengine wakafuata nyumbu, maana nyumbu ni wengi.

Kisha Ndovu akakizungushia kisima ukuta wa mawe, akatia lango, na lango likawa linafunguka kwa Zamu ya Ndovu tu. Akamweka Nyati mlinzi. Halafu pole pole, bila tangazo, ikaongezwa safu ya mbele kabisa kwenye foleni, ikaitwa Wageni wa Heshima. Safu hiyo ilikuwa na Ndovu, na wanawe, na rafiki zake wenye pembe. Wadogo wakarudi kwenye matope, ila sasa walirudi kwa utaratibu mzuri, kila mmoja na namba yake.

Kidawa aliichukua programu ile ya Ndovu akaitegea sikio. Mwishoni kabisa, chini chini, baada ya kwi-kwi-kwi, akasikia sauti: "Hija, shuka mgongoni."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Siku alipokuwa akirekodi ule mlio, Hija alikuwa amempanda, maneno yale yakaingia, naye akasahau kuyatoa. Ndovu na Wanawe walikuwa wamebeba kila kitu, mpaka mtoto mgongoni.

Akakimbia barazani kushitaki. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Bi Twiga, na shingo yake siku hiyo ilikuwa imefungwa skafu mpya ya hariri. Wanangu, fikirini skafu ya twiga inakula majora mangapi. Kidawa aliitazama skafu, kuanzia chini, akaenda nayo, akaenda nayo, na alipofika juu alikwisha kuijua hukumu.

Hata hivyo aliwasikilizisha ile sauti. Wakili wa Ndovu alikuwa Fisi, naye akasimama huku akicheka, si kwa furaha, ni uso tu. Akasema watoto wenye jina la Hija ni wengi, na wanaopanda migongo ni wengi zaidi. Tena nani amemzuia huyu mama? Programu yake imo simuni. Mtu ashuke nayo chini, chini kabisa, apite kikokotoo, apite tochi, ataikuta imekaa na heshima zake.

"Na wadogo wanaokanyagwa langoni?" Kidawa akauliza.

Bi Twiga akatazama huku, akatazama kule, kutoka kule juu kwake. "Mimi hapa nilipo simwoni aliyekanyagwa," akasema.

"Inama, Mheshimiwa."

"Skafu itachafuka."

Fisi akamsindikiza Kidawa nje. Mlangoni akamwambia kwa upole, "Dada yangu, siku Mungu anagawa mikia ninyi mapimbi mlituma mtu awachukulie. Mkia wenu wenyewe mlishindwa kuufuatilia, leo mtafuatilia haki?"

Kidawa alirudi jabalini analia, na katikati ya kulia akaanza kucheka. Hawa watu hawatafuni, akajiambia. Hawa wanameza. Mkonga kazi yake kuvuta. Unavuta maji, unavuta na chura.

Basi akawatengenezea chura.

Akaandika Zamu nyingine, nzuri kuliko ya kwanza, yenye kupanga foleni kwa kufumba na kufumbua. Ndani yake akaficha sharti moja. Simu, mnajua, inahisi mtikiso. Sharti likasema: yeyote ambaye akitembea ardhi inatikisika, arudishwe mwisho wa foleni. Akitikisa tena, arudishwe tena. Kisha akafanya kile alichokuwa akikiweza kuliko wote: akasema. Alipomwona Fisi anapita chini ya jabali, akamwinamia Kobe sikioni, akamnong'oneza kwa sauti ya kuamsha bonde kwamba ana Zamu mpya, kali, na Ndovu asiisikie hata kidogo.

Kobe akasema, "Bi Kidawa, mbona unapiga kelele?"

"Nanong'ona, mzee wangu."

Fisi akaifikisha habari, kampuni ikaivuta kutoka simuni mwa Kidawa, na wiki haikwisha, Zamu mpya ya Ndovu ikaingia kwenye simu zote. Waliimeza nzima nzima, hata ile safu yao ya Wageni wa Heshima ikafutika wasijue. Wanawe Ndovu waliijaribu ofisini wakiwa wamekaa, maana ofisini kwao hakuna anayetembea.

Asubuhi yake Ndovu akaja kisimani, pu, pu, pu. Akafika langoni, akaonyesha simu. Simu ikasema kwa adabu: mpendwa mteja, zamu yako haijafika, rudi nyuma.

"Nifungulie," akamwambia Nyati.

Nyati alikuwa mlinzi hodari, na mlinzi hodari hasomi uso, anasoma simu. Akajibu kwamba simu imesema nyuma, na amri aliyopewa na Mzee ni kufuata simu.

"Mzee ni mimi."

"Basi mimi nakufuata wewe, Mzee. Umesema nifuate simu."

Ndovu akapiga mguu chini kwa hasira, puuu. Simu ikaangusha jina lake mkia wa foleni. Akageuka kuondoka, pu, pu, ikamwangusha tena. Akajaribu kunyata. Mmewahi kumwona ndovu ananyata? Anainua mguu kama aliyekanyaga kaa la moto, anaushusha kama anaweka yai, na bado, pu. Foleni nzima ilishika mbavu. Hata Fisi alicheka, na safari hii haukuwa uso tu. Ndovu akaishia kule mwisho kabisa, juani, nyuma ya nyumbu wa mwisho.

Na wadogo wakaanza kuingia. Akaingia sungura akanywa, akaingia digidigi akanywa, akaingia kanga na vifaranga vyake. Kidawa alikuwa anafuata, Hija mgongoni, Mosi mkononi, na mdomo wake haukulala: alikuwa akiwatangazia watu wote waone, leo mjomba anasubiri kama binadamu.

Kwi-kwi-kwi. Zamu yake. Lango likafunguka. Mosi akatangulia mbio, akafika ukingoni, akainama, akatulia.

"Mama," akasema, "kumbe hayana rangi."

Kule mwisho Ndovu alikuwa amekwisha kuacha kupiga miguu. Alimwita Fisi, akasema naye neno moja, taratibu kabisa, na Fisi akapiga simu ofisini. Hapo hapo simu zote kisimani zikalia mara moja, ti. Kidawa akaisoma yake. Zamu imeboreshwa kwa ajili yako. Kuanzia sasa, foleni inaanzia nyuma.

Nyati akaisoma ya kwake, akashusha pembe yake katikati ya Mosi na maji. Hakumwumiza. Alikuwa amepata maagizo mapya, basi.

Foleni nzima ikageuka. Hakuna aliyesukumwa. Kila mmoja aliitazama simu yake, akajizungusha pale pale aliposimama, wa kwanza akawa wa mwisho, na Ndovu akaanza kuja kisimani akipita kando yao, pu, pu, pu.

"Tupeni hizo simu," Kidawa akawaambia. "Si tumefika hapa kwa miguu? Tupange foleni kwa miguu. Kila mtu anamjua aliyemkuta mbele yake. Mzee Kobe, wewe waambie, nani alikuwa mbele yako?"

"Ulikuwa wewe," Kobe akasema.

"Si unajua!"

"Mimi najua, mwanangu. Simu haijui." Mzee aliingiza kichwa ndani kidogo, akakitoa. "Na majina yetu yamo humo, na ya watoto, na lango linafunguka kwa humo. Leo nikiitupa, kesho nitaingia kwa nini?"

Kidawa akamtazama kila mmoja, na kila mmoja akaitazama simu yake. Hata waliokuwa wakicheka hawakuacha kucheka mara moja. Walimalizia kicheko chao, kisha wakanyamaza, kama watu waliokwisha kula wakaona mwenye nyumba anaingia.

Ndovu akafika ukingoni, akasimama. "Mpwa wangu," akasema, "asante kwa ile programu. Ina akili. Tumeondoa kipande kimoja tu." Akatumbukiza mkonga, fyuuu, na maji yakaanza kugeuka rangi. "Kivuli bado kipo, ukitaka."

Kidawa, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakusema. Alimvuta Mosi ubavuni pake, akaenda kushika nafasi yake ya mwisho kwenye foleni, yaani pale pale alipokuwa amesimama, hatua moja kutoka majini.

Basi kisa chetu kimekauka hapo, wanangu, nacho chasema hivi: mjanja humpiga mwenye lango chenga moja, lakini mkimwachia mmoja lango la wote, chenga hiyo ataigeuza sheria.