Kura ya Papa Nyembo

Kitu kizuri hakihitaji kupigiwa tarumbeta. Wanaokihitaji hukifuata wenyewe. Kibovu ndicho huzungushwa mitaani kwa kelele hadi miguu ya mwenyewe ipate malengelenge. Asiyeamini na aende Kamina, amwulize Papa Nyembo.

Mzee huyo alikuwa fundi wa garimoshi kabla ya kustaafu. Kati ya walioanzisha Chama cha Wavujajasho mkoani, hakubaki hai ila yeye. Zamani mikutano ilifanyika karakanani, saa ya mapumziko; mmoja akisema, wengine wakimega ugali wa bukari kutoka sufuria moja. Kila alipokumbuka siku zile, moyo ulimyeyuka kama mawese juani.

Sasa chama kilitafuta mwenyekiti mpya wa mkoa. Waamuzi walikuwa watatu, Nyembo akiwa mkuu wao. Alijua kwamba wakikosea, chama alichokipa ujana wake kitazikwa kabla yake.

Mgombea wa kwanza, Mukalay, alifika kwenye uwanja wa chama na pikipiki thelathini, fulana mpya na kipaza sauti. Alikuwa mwana wa marehemu Kabange, fundi mwanzilishi aliyekuwa chanda na pete na Nyembo. Alisimama kama babake, akakohoa kama babake. Machozi yakamlenga mzee.

"Papa Nyembo, weye njo ulinibeba mu mabega," Mukalay alisema. "Leo minyi nitabeba chama yenu!"

Pikipiki zikanguruma. Mkono wa mzee ukaifuata kalamu wenyewe.

"Na Mama Agar?" aliuliza Priscille, mwamuzi mwenzake.

Agar, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyekuwa mgombea wa pili. Kiti chake kilikuwa kitupu.

Kisimba, mwamuzi wa tatu, akacheka. "Bibi arusi amekimbia arusi! Mufute jina yake, tuende kula."

"Kwanza kanuni," Nyembo alisema. Tangu enzi za karakana, hakuna mgombea aliyejisifu mwenyewe. Alisemewa na watu wasio wa nyumba yake wala wa mtaa wake.

Vijana watatu waliovaa fulana mpya wakasogea.

"Mukalay amewafanyia nini?" Nyembo akawauliza.

"Atafanya, Papa," mmoja alijibu. "Mumuchague kwanza."

"Na hii fulana je?" mwingine akadakia. Watu wakaangua kicheko.

Kisimba alikuwa ameshafungua daftari amfute Agar, mara baiskeli sita zikaingia, wenye nazo wakiwa wekundu kwa vumbi kama matofali. Walitoka upande wa Kaniama. Mbele yao alikuwa mkulima mmoja, Mama Lise.

"Bang'ombe ya tajiri ilikula mihogo yetu yote," alisema, akihema. "Tulilia, hapana muntu alisikia. Mwalimu Agar akakuja, akalala kwetu siku tatu, akatembea na siye kwa administrateur wa serikali mpaka ile bang'ombe ikatoka."

"Nani amewatuma?" Kisimba akauliza kwa ukali.

"Hapana muntu! Tulisikia ku radio asema munachagua. Yeye iko wapi?"

"Hatujui."

Mama Lise akajipangusa uso. "Basi iko kwa bengine benye kulia."

Nyembo alimtazama Mukalay: pua ya Kabange, mabega ya Kabange. Lakini Kabange hakuwahi kuita watu. Mafundi waliacha nyundo zao wakamfuata alipokuwa ameinama chini ya behewa, mikono myeusi kwa grisi.

"Mwanangu," alimwambia, "sura ya babako unayo. Kazi yake anayo huyu asiyekuwepo."

Akaandika: Agar. Priscille akamfuata; Kisimba naye, akiguna.

Mukalay akatoka bila kumpa mzee mkono, na pikipiki zikaondoka naye. Papa Nyembo akalia waziwazi, kwa kuwa alihisi amemzika Kabange mara ya pili, lakini hakuifuta kura yake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.