Nyanzobe Aliyekalia Mbegu

Nyamazeni. Na wewe unayenusa chungu, tulia. Hakuna atakayeonja ugali wa mtama mpya kabla sijamaliza. Waliokutangulia walingoja miezi saba, wewe huwezi kungoja bibi mmoja aseme?

Zamani za mababu, kabla mahali hapa hapajaitwa Kinuni, wakati watu wetu walipokuwa wametawanyika mabondeni, kila ukoo na kisima chake, alizaliwa Nyanzobe binti Lusangija, Lusangija mwana wa Gamaya mchonga mizinga ya nyuki. Nyanzobe shingo ya fahali, Nyanzobe mbeba mizigo ya wanaume wanne, Nyanzobe wetu, ambaye nikimtaja tu moyo wangu unalainika. Siku ya harusi yake baba yake alimpa kinu cha mninga kilichomfika kifuani, naye akakibeba kichwani mwenyewe mpaka kwa mumewe Mihambo, huku Mihambo akimfuata na mchi peke yake, akihema. Wakwe walicheka mpaka wakakaa chini. Walipendana, wale wawili, tena sana.

Kisha likavuka mto jeshi la Mtemi Ngaluma, ambaye hatukuwa na ugomvi naye wowote, ila aliitamani njia ya chumvi iliyopita kwetu. Mapigano yalikwisha kwa siku mbili. Ninyi mkisikia vita mnataka habari za mikuki. Mikuki ni kitu gani? Sikilizeni yaliyofuata. Wahunzi walichukuliwa pamoja na mivukuto yao, na jembe lililokuwa likipatikana kwa kuku wawili likawa halipatikani hata kwa ndama. Misafara ya chumvi ikaanza kupita mbali, gulio likafa, nyasi zikaota pale wanawake walipokuwa wakipanga vyungu. Wanaume arobaini walifungwa kamba wakabebeshwa mizigo ya jeshi, na Mihambo alikuwa wa tatu mstarini. Waliorudi ni watatu, yeye hakuwamo. Ghala zikafagiliwa, na zilipokwisha askari wakaanza kutafuta mbegu.

Kwetu mbegu hutundikwa juu ya meko ili moshi uzuie fukusi, na askari walilijua hilo, maana hata kwao ni vivyo hivyo. Walikuwa wakiingia nyumbani mwa watu wakitazama juu. Basi Nyanzobe akashusha masuke ya nyumba yake na ya majirani tisa, akayapura, akalijaza tumbo la kinu mpaka pomoni, akaufunga mdomo kwa ngozi, akakipindua juu chini, akakikalia.

Kinu kilichopinduliwa, nyote mnajua, ni msiba. Nyumba yenye kilio haitwangi; mfiwa hukikalia kinu hicho, na hakuna mkono mwingine unaokigusa mpaka matanga yaanuliwe. Na anayekipindua bila kufiwa, walisema wazee wa pande zote mbili za mto, atafiwa kweli.

Mkuu wa askari akasimama mlangoni, mkuki mkononi. Alipokiona kinu akauinamisha.

"Poleni. Nani amefariki?"

"Mimi," akasema Nyanzobe. "Mmemchukua mume wangu, mmechukua ng'ombe wangu na jembe langu. Unadhani aliyebaki hapa ni nani? Kaeni mnililie, au mtoke."

Wakatoka kinyumenyume.

Miezi saba alikikalia. Akiondoka kuchimba mizizi, mama yake, Bi Holo, alikalia mahali pake. Na msidhani waliomsumbua ni askari, la hasha! Ni sisi. Majirani wale wale walikuja kumwambia ana roho mbaya, ana roho ya jiwe, awape japo konzi moja ya kupikia uji, na yeye akajibu kila mmoja neno lilelile: "Tukiila leo, mwakani tutapanda nini?" Akisha kujibu alikuwa akilia, maana watoto waliolilia uji aliwajua kwa majina.

Mwezi wa sita Bi Holo akashindwa kusimama. Nyanzobe akaanza kukiinua kinu upande mmoja, apate konzi moja tu kwa ajili ya mama yake. Kikongwe akamshika mkono.

"Acha, mwanangu. Ukinipa nitakufa keshokutwa, usiponipa nitakufa kesho. Kaa hapo hapo."

Akafa kesho yake asubuhi. Nyanzobe akapiga ukelele uliosikika visima vitatu: "Nimemuua mama yangu kwa uongo wangu!" Mimi nasema aliyemuua ni njaa, na njaa ile ina mwenyewe, jina lake Ngaluma. Lakini yeye hakukubali hata siku moja.

Jeshi likahama lilipokosa cha kula. Mvua ikanyesha. Nyanzobe akakiinua kinu mbele ya watu wote, akagawa kibaba kimoja kwa kila nyumba, na mwishoni kabisa akabaki na kibaba chake. Ndipo akasogea Chambi, askari aliyetelekezwa na wenzake kwa sababu ya mguu uliooza, aliyekuwa akiishi kwa mizizi vichakani.

"Huyu?" watu wakapiga kelele. "Huyu ndiye aliyefagia ghala zetu!"

"Najua," akasema Nyanzobe. "Asipopanda, atafagia tena."

Akampa kibaba chake mwenyewe. Chambi akalima kwa kijiti, akichechemea, shamba dogo kando ya nyumba ya Nyanzobe. Mtama ulipoiva, Nyanzobe shingo ya fahali alikuwa amelala kitandani kwa njaa, mwepesi hata mtoto angemnyanyua. Chambi akamletea uji wa kwanza, akamnywesha. Nyanzobe akacheka.

"Umezidisha chumvi. Mihambo naye alikuwa hivi hivi."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Kinu kikapinduliwa, safari hii bila uongo, na aliyekikalia siku zote za matanga ni Chambi, akilia kama mwana wa tumbo lake. Koo zote zikahamia kuzunguka kinu kile, na tangu hapo hatujaitwa kwa visima vyetu. Tunaitwa Wana wa Kinu.

Chambi alipewa mke hapa hapa. Mimi ni kitukuu wake. Ndiyo, mimi, mnayeniita bibi wa Kinuni! Damu yangu ilivuka mto na mkuki mkononi.

Sasa mtazameni yule mama aliyeketi mlangoni na mtoto mgongoni, aliyefika asubuhi kutoka ng'ambo, kwao mashamba yamechomwa tena. Msimkodolee macho. Wewe unayenusa chungu, inuka umpakulie. Yeye ndiye anayeanza.