Hodi ya Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, enzi Pimbi angali na mkia mrefu na mdomo mrefu zaidi, ulitokea ukame mbaya. Likabaki bwawa moja tu. Wanyama wakakubaliana walishindanie kwa mpira wa rungu: timu itakayoshinda ndiyo itakayokunywa mpaka mvua zirudi.

Sheria ilikuwa rahisi. Mchezaji akishika rungu, kwanza apige hodi, kama mtu mlangoni. Mwamuzi akimkaribisha, ndipo mpira urushwe. Ukipita kati ya goti na kwapa lake asiupige, ni halali. Akikosa halali tatu, atoke. Ukipita kwingine, batili.

Mwamuzi alikuwa Mzee Kiboko, kajilaza topeni, macho kayafumba kwa sababu ya jua, masikio tu ndiyo yanacheza.

"Hodiii!" akanguruma Nyati, nahodha wa wakubwa.

"Karibu, bwana mkubwa!"

Vuuu! Mpira ukampita Nyati kifuani hasa.

"Batili!" akasema Kiboko.

Ikaja zamu ya Bi Pimbi, nahodha wa wadogo. "Hodi," akasema kwa kisauti chake.

"Haya, pita."

Vuuu! Mpira ukapaa juu ya kichwa chake, hata kunguru aliyekuwa akipita akainama.

"Halali!"

"Halali? Kwani kwapa langu liko mawinguni, Mzee?"

"Halali! Ukibisha nakutoa nje!"

Pimbi aliwatazama wanawe kando ya uwanja, midomo imewakauka, wanalamba mawe. Hasira zikampanda. Akamnong'oneza Kicheche, mrushaji wa timu yake, kisha akauchukua mtungi mtupu aliokuja nao, akatumbukiza kichwa ndani.

Zamu ya Nyati ilipofika tena, mwenyewe alikuwa bado anajikuna mtini.

"HODIIII!" mtungi ukanguruma.

"Karibu, bwana mkubwa!"

Kicheche akaubana mpira kwapani, akapuliza kwa mdomo: "Vuuuu!"

"Batili!" akapaza sauti Kiboko. "Umepita chini ya goti! Nimeuona kwa macho yangu haya!"

Kisha Fisi akaangua kicheko. "Mpira gani huo, Mzee?"

Kiboko kufumbua macho, lahaula! Rungu liko chini, Nyati yuko kule mtini, na mpira haujaondoka kwapani mwa Kicheche.

"We... wewe Pimbi! Huna adabu!"

"Adabu ninayo, Mzee. Nimepiga hodi, ukanikaribisha. Kumbe huamui mpira, unaamua sauti! Basi na hii yetu ndogo isikie leo: toka!"

"Toka! Toka!" wakapokea sungura, panya, na hata baadhi ya wakubwa.

Pimbi hakungoja ruhusa ya mtu. Aliwashika wanawe mkono, akapita nao mbele ya pua ya Kiboko, wakainama wakanywa. Wengine wote wakafuata, wakubwa kwa wadogo, gubi! gubi! gubi!

Hadithi imefika majini, nami koo limenikauka. Ila shikeni hili, wanangu: mwamuzi anayesikiliza ni nani badala ya kutazama mpira, msimwogope, muumbueni.