Wema wa Langoni

Wema wa langoni hausafishi mfereji. Mmeyasikia maneno hayo leo mkutanoni, yule mama wa kitongoji cha chini aliposimama na kumjibu mwekezaji wa machimbo ya kokoto, wakati ninyi vijana mlikuwa bado mnashangilia madawati na jezi alizoahidi. Sasa mmenifuata hapa nyumbani mnataka kujua ni wahenga gani waliosema hivyo. Kaeni. Chanzo chake nakijua kwa sababu nilikuwapo, ingawa sikusimama upande wa kujivunia.

Pale yalipo mabanda yasiyo na mabati palikuwa na kiwanda cha ngozi. Kiwanda kizuri, nisikisingizie. Ngozi yake ilikuwa laini, haichaniki, na viwanda vya viatu vya ng'ambo viliigombania. Watu wapatao mia nne walipata riziki pale. Mimi nilikuwa ofisa wa jamii. Ofisi yangu ilikuwa langoni, nje ya uzio, chumba chenye pazia la bluu na picha za watoto wanaocheka. Kazi yangu ilikuwa kutoa. Nilitoa madawati, nilitoa mipira, nilitoa mchele wa sikukuu. Watu waliniita Mzee wa Langoni nikiwa bado kijana, nami nililipenda jina hilo.

Ndani ya uzio alikuwapo mhandisi mmoja, Nakijwa Mbwambo, mwanamke mwembamba aliyeongea taratibu. Yeye ndiye aliyesimamia mapipa makubwa ya kulainishia ngozi. Ngozi mbichi zilifika zimepakwa chumvi zisioze. Ziliroweshwa, zikatiwa chokaa na dawa ya kunyonyoa manyoya, kisha zikatiwa kromi, ile chumvi ya kijani inayozifanya zisioze tena. Maji ya hatua zote hizo yaliingia mtoni. Na hatua mia tatu chini ya kiwanda, mto ule ndio uliolisha mfereji wa mashamba ya vitunguu.

Siku moja Nakijwa alileta mpango wake kwenye kikao cha wakuu. Mimi nilikuwapo. Alitaka kila ngozi ikung'utwe chumvi juu ya meza kabla ya kugusa maji. Alitaka maji ya kromi yakusanywe na kurudishwa mapipani yatumike tena. Alitaka yachimbwe mabwawa ya kutuamisha uchafu.

"Hili si jambo la kuongeza pembeni," alisema. "Sifa yetu ni kujua kutengeneza ngozi. Basi tujue kuitengeneza bila kuua mfereji. Tukiliweza hilo, hakuna atakayetufikia."

Mkurugenzi, Bwana Kileo, hakuwa mtu mkali. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mhandisi, nakushukuru," alisema. "Lakini sisi hapa tunatengeneza ngozi. Mambo ya wananchi yana mwenyewe." Akanigeukia. "Msuya, wananchi wanahitaji nini mwaka huu?"

"Zahanati, Mkurugenzi," nilijibu.

"Basi tuwajengee zahanati. Pale pale langoni, kila anayepita aione."

Nakijwa alinitazama. Nilijua anasubiri niseme neno, kwa sababu malalamiko ya wakulima yalipitia mezani kwangu. Niliinama nikaandika: zahanati.

Mwaka uliofuata Nakijwa aliacha kazi. Alipokuja kuniaga aliniambia amepata watu mkoa mwingine wanaoanzisha kiwanda, wamekubali waanze na maji kabla ya kununua hata pipa moja. Nilimtakia heri. Moyoni niliona amepoteza bahati.

Zahanati ilifunguliwa kwa ngoma. Ukutani kulikuwa na bamba la shaba lenye jina la kiwanda, na mwaka huo huo Bwana Kileo alipewa tuzo ya mwajiri mwenye huruma. Hotuba yake niliiandika mimi.

Sasa niwaeleze kuhusu dada yangu. Jina lake Namsifu, ananifuata kuzaliwa. Alikuwa na majaruba sita ya vitunguu kwenye mfereji ule, urithi wa marehemu mama yetu. Kwanza vitunguu vilianza kutoka vidogo kama kokwa. Kisha udongo ukatoa ukoko mweupe. Ukiulamba, ni chumvi. Kisha mikono yake ikaanza kuwasha, kwa sababu kumwagilia ni kusimama majini na kufungua maji kwa mikono. Aliniambia mara ya kwanza, nikamjibu nitalifikisha. Aliniambia mara ya pili, nikampelekea mfuko wa mchele.

Mara ya tatu alikuja mwenyewe, kwenye foleni ya zahanati, asubuhi. Foleni ilikuwa ndefu, karibu wote watu wa mferejini. Mimi nilikuwa napita nikisalimia, kama nilivyozoea. Nikamwona. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka, na ngozi ya viganja imekuwa ngumu na ya kijivu.

"Namsifu, usipange foleni," nilimwambia. "Njoo huku, nitakuchukulia dawa mimi."

"Niache, kaka. Wenzangu wote wanaumwa hiki hiki."

"Dawa ipo ya kutosha. Hii zahanati imejengwa kwa ajili yenu."

"Nikipaka dawa, kesho nitamwagilia na nini?"

Nikasema lililokuwa karibu na ulimi. "Dada, angalau tuthamini wema uliofanyika."

Hakupandisha sauti. "Nauona wema wako, kaka Zefania. Uko hapa langoni, una bamba na pazia. Mimi siishi langoni. Wema wa langoni hausafishi mfereji."

Mzee mmoja nyuma yake aliyarudia maneno yale polepole. Jioni yake nilimsikia muuza mkaa akiyasema sokoni, na mwezi haukuisha, watoto wa shule nao walikuwa wakiyasema.

Miezi michache baadaye walikuja wageni wawili kutoka kampuni ya viatu iliyonunua ngozi yetu kuliko zote. Mmoja alikuwa Mtanzania, Bwana Singano. Bwana Kileo aliwaleta moja kwa moja kwenye zahanati. Nilisimama mlangoni nikitabasamu. Singano alilisoma bamba, kisha akamgeukia muuguzi.

"Hapa mnatoa zaidi dawa ya nini?"

Muuguzi yule hakuwa mwongo, wala hakuna aliyemwonya. "Ya ngozi," alisema.

"Ugonjwa huo wanaupatia wapi?"

Muuguzi akatazama chini, kule mferejini. Singano naye akatazama huko. Kisha akaanza kuteremka kwa miguu, nasi tukamfuata. Aliuona ukoko mweupe. Aliiona mikono ya dada yangu. Namsifu alifungua viganja tu, akamwonyesha, akarudi kuendelea na kazi yake.

Kampuni ile ilisimamisha ununuzi hadi maji yasafishwe. Bwana Kileo aliutafuta mpango wa Nakijwa, ukapatikana kabatini. Alijaribu kuufanya wote kwa majuma matatu. Bwawa moja likavuja, maji ya kromi yakarudishwa bila kipimo, ngozi zikatoka na mabaka. Watu waliokuwa wamezoea kumwaga hawakujua kitu kingine. Wanunuzi wakahamia kwa Nakijwa, ambako kukung'uta chumvi ndilo somo la kwanza analofundishwa mfanyakazi mpya. Kiwanda chetu kilifungwa. Wale mia nne walirudi makwao, na hawakuwa wao walioamua maji yaende wapi. Zahanati nayo ilibaki na bamba, bila dawa.

Mnadhani dada yangu alishinda? Majaruba ya mama hayaoti kitu mpaka leo. Alihamia mlimani, analima kipande cha kukodi. Vidole viwili havikunjiki. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipa kiti, akanipa maji ya kunywa, akaendelea kuchambua maharage mpaka nilipoondoka mwenyewe.

Kwa hiyo mkiniuliza ni wahenga gani, nitawajibu kwamba si wa kale. Mhenga huyo ana miaka sitini na miwili, yuko hai, na hanisemeshi. Siku ile hakuwa anatunga methali. Alikuwa anamjibu kaka yake, aliyeyajua yote akaandika zahanati.

Wema wa langoni hausafishi mfereji.