Kuni za Mke Mdogo

"Usihesabu kuni za mwenzako, tazama majivu yake." Mmenisikia nikimwambia jirani hivyo, wajukuu zangu, nanyi mnataka kujua maneno haya yametoka wapi. Sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Huko Makete, ambako mwezi wa saba sakitu ya baridi hulala nyeupe juu ya majani, mzee Anyelwisye alikuwa na wake wawili, Subilaga mkubwa na Atuganile mdogo. Kila mke alikuwa na nyumba yake, na kila Jumamosi mume aliwaletea kuni, mizigo inayolingana.

Subilaga alisifiwa kwa usafi. Kila jioni alizoa majivu yote akayamwaga bustanini, kisha akawasha moto mkubwa. Jogoo wa kwanza akiwika, moto umekwisha, nyumba imepoa kama kisima. Binti yake Tupokigwe, wa miaka mitano, akaanza kwenda kulala kwa mama mdogo. Mwishowe akawa harudi.

Msimcheke Subilaga. Mtoto wako akichagua kitanda cha mwingine, moyo unauma. Alianza kuhesabu kuni za mwenzake. Zake ziliisha Jumatano; za Atuganile, hata Ijumaa zilibaki saba. Akaamini kwamba mume anamwongezea kwa siri.

Asubuhi moja ya baridi kali aliingia kwa mwenzake bila hodi. Tupokigwe alikuwa usingizini, ana kijasho puani. Mekoni hapakuwa na mwali, ila kichuguu cha majivu tu.

"Kumbe mke wa kupendwa hafagii," Subilaga alisema. "Nani anakuletea kuni za ziada?"

"Taratibu, dada, mtoto amelala. Hebu weka mkono hapa."

Akauweka juu ya majivu, akauondoa upesi. Atuganile akafukua kwa kijiti. Chini palikuwa na makaa mekundu na gogo moja nene, halijaliwa hata nusu.

"Mwali ni wa wakati tuko macho," alisema. "Tukitaka kulala nafunika. Majivu ndiyo blanketi la moto, dada. Wewe lako unalitupa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Tangu niolewe hujaitikia salamu yangu."

Kwa Subilaga hapakuwa na majivu hata ya kufunika kaa moja. Basi Atuganile akachota yake yaliyopoa, akajaza kapu, akajitwika mwenyewe hadi kwa mwenzake, akamwonyesha namna ya kufunika.

Siku ya tatu Tupokigwe alirudi kulala kwa mama yake. Wanawake kisimani walipomnong'oneza Subilaga kwamba kuni za mke mdogo bado ni nyingi, alijitwika mtungi wake, akawajibu:

"Usihesabu kuni za mwenzako, tazama majivu yake."