Mbwa Aliyembwekea Mwenye Nyumba

Wapendwa, kaeni. Bwana mmoja wa mjini alimfunga mbwa wake kamba, akampandisha nyuma ya gari, akampeleka kule wanakopokea mbwa na paka ambao wenyewe wamewachoka. Mbwa alikuwa mzee. Jirani aliyehama ndiye aliyewaachia, na mke wa huyu bwana akampokea, akamlisha. Shingoni alikuwa na utepe mwekundu, ule wa kufungia nywele za mtoto.

Mama anayepokea wanyama akauliza, "Ana shida gani huyu?"

"Tunahama," bwana akasema.

"Mnahamia wapi?"

Hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Akasema, "Kwa kweli ni mtoto. Ana pumu, na manyoya haya yanamsumbua."

"Na huu utepe kamfunga nani?"

Mnacheka. Chekeni tu, zamu yenu inakuja. Ninyi mnapotaka kuachana na kitu, huwa mnaanza na sababu ya kweli? Ile ya kwanza ni ya kupamba. Huyu bwana alitafuta ya tatu, akaikosa, ndipo ukweli ukamtoka.

"Dada, ananibwekea. Nyumba nimeijenga kwa jasho langu, nikifungua geti langu ananibwekea kama mwizi. Majirani wanachungulia. Nimechoka kuaibishwa."

"Na wengine anawabwekea?"

"Wengine hapana. Hata muuza maziwa hambwekei."

Yule mama akamwangalia, kisha akaipokea kamba. "Haya, mwache," akasema. "Ila mbwa mzee huku hapati mtu wa kumchukua. Akikosa mtu, tunamdunga sindano ya mwisho. Umeelewa?"

"Nimeelewa," akasema, na akaondoka.

Sasa msije mkampa dhambi isiyo yake. Hakuwa mlevi, wala hakuwa na nyumba ndogo. Ni mtu wa kazi. Anatoka alfajiri watu wamelala, anarudi watu wamelala. Jumapili ana kikao, na kikao kikiisha ana marafiki. Ada amelipa, unga upo, luku ya umeme imejaa. Mbwa angemjulia wapi? Chakula chake kilitoka mkononi kwa mama na watoto, na muuza maziwa alimwona kila asubuhi. Mbwa wa watu alikuwa anafanya kazi yake, anaona mgeni anaingia, anasema kuna mgeni.

Siku hiyo, kwa kuwa alishaomba ruhusa kazini, bwana akarudi nyumbani mchana. Akafungua geti. Kimya. Moyo wake ukatulia kabisa, akatembea uani mwake kifua mbele. Akagonga mlango.

Akafungua binti yake wa mwisho, wa miaka mitatu, kashika kipande cha muhogo. Akamtazama kuanzia viatu mpaka usoni. Mtoto amefundishwa adabu, akasema kama alivyofundishwa:

"Shikamoo. Baba hayupo."

Na yeye, kwa mazoea tu, akajibu, "Marahaba."

Mbona hamcheki tena?

Mtaniuliza, je, alirudi kumchukua mbwa? Hakurudi. Alimwambia mtoto kuna kitu amesahau ofisini, akageuka. Na mbwa alidungwa sindano. Mimi sina mwisho mtamu wa kuwapa leo, na ninaona uchungu kama ninyi.

Ndugu zangu, sisi tumewafukuza wangapi kwa kosa la kusema wanachokiona? Yule binti yetu mkubwa aliyesema "Baba, huwa huongei na sisi," tukamwita jeuri, tukampeleka shule ya bweni. Yule mzee wa kanisa aliyesimama hapa kuuliza kwa nini wajane hawatembelewi, tukasema ana kelele, tukamtoa kwenye kamati. Mimi nilikuwepo, na ninyi mlikuwepo, mikono tuliinyoosha wote. Tangu hapo kuna utulivu humu ndani, na tunauita amani ya Bwana. Amani gani hii? Wajane bado wamekaa peke yao.

Hatukuponya kitu. Tulichoondoa ni sauti, na ugeni wetu tukabaki nao.

Basi leo sitaomba muinamishe vichwa. Nendeni nyumbani sasa hivi, kabla ya kikao, kabla ya marafiki, mkagonge milango yenu kungali mchana. Msikilize mtakachoambiwa na atakayefungua.